Mwaka Ambao Dalali Alimeza

Mume wangu, Ghislain Labadie, haamini neno la mtu aliyeshika glasi ya mvinyo. Anachoamini ni koo la huyo mtu, kama limepanda na kushuka au halikutikisika. Nimeishi naye miaka thelathini na moja na ukiniuliza ni mtu wa namna gani, nitaanzia hapo.

Alifanya kazi maisha yake yote katika ghala la shamba moja la mizabibu hapa kwetu Médoc, karibu na Bordeaux, kuosha mapipa na kuyajaza. Ila kila Aprili, wiki ya kuonja, walimwazima aende ukumbini karibu na mto. Pale mashamba ishirini na zaidi hupanga mezani mvinyo wa mavuno yaliyopita, ungali mchanga, umechotwa kwenye pipa asubuhi hiyo hiyo. Madalali na wafanyabiashara wanakuja, wanaonja, wanaandika kwenye vidaftari vyao, na baada ya wiki chache bei zinatoka. Ukiutaka, unalipa mwezi wa Juni, na chupa zako utaziona baada ya miaka miwili. Mimi siku zote nimeona ni sawa na kumnunua ndama angali tumboni, tena kwa kusikiliza maoni ya watu waliompapasa ng'ombe kwa nje.

Kazi ya Ghislain pale ukumbini ilikuwa ndoo za kutemea. Mwonjaji anayejua kazi hamezi. Anasukutua, anatazama dari, anatema. Akimeza mvinyo wa mashamba yote yale, hataiona saa ya chakula akiwa amesimama. Basi Ghislain alizunguka na ndoo zake miaka nenda rudi, akisikia wanayosema na kuona wanayotema, na akajitengenezea elimu yake.

"Maneno yao ni ya sokoni," aliniambia tulipokuwa wachumba. "Atakwambia mvinyo una harufu ya matunda na ngozi ya tandiko, kumbe anataka bei ishuke. Usimsikilize. Ngoja umwone ameshindwa kutema."

Binti yetu Maylis alizaliwa Septemba, mwaka tisini na saba, katikati ya mavuno. Kwetu mtoto akizaliwa, baba hutafuta mvinyo wa mwaka wake na kuuweka, uje unywewe siku ya harusi. Ghislain aliisubiri Aprili iliyofuata kuliko nilivyosubiri mimi kujifungua.

Jioni moja ya wiki hiyo ya kuonja alirudi nyumbani, hata kofia hajavua, akasimama mlangoni pa jiko.

"Kameza," akasema.

Mama mkwe wangu, Yvonne, aliyekuwa akiishi nasi, alikuwa anamenya viazi. Hakuinua kichwa. "Nani kameza nini?"

"Dalali Duvignac. Mvinyo namba kumi na moja. Shamba la Mauvezac."

Hapo hata mimi niliacha kumnyonyesha mtoto vizuri. Anselme Duvignac alijulikana mpaka kwa watoto wa shule. Alikuwa dalali mwembamba, mdomo umebanwa kama pochi ya bibi mchoyo, na ilisemwa kwamba katika miaka thelathini hakuna aliyewahi kumwona akimeza tone kazini. Wengine walisema hata kwenye harusi ya dada yake alitafuta ndoo.

"Labda alikuwa na kiu," Yvonne akasema.

"Mama, nilikuwa mbele yake. Nimemwinulia ndoo hivi. Akaitazama, akatikisa kichwa, akafumba macho, akameza."

"Na namba kumi na mbili?"

"Sikuona. Nilikwenda kumwaga ndoo."

Ninalieleza hilo la kumwaga ndoo kwa sababu kama angebaki pale dakika tano tu, nisingekuwa na la kuandika.

Mwezi wa Juni Ghislain alinunua masanduku matatu ya Mauvezac, chupa thelathini na sita. Hakuniuliza. Alitumia pesa tuliyokuwa tumeiweka kwa ajili ya mashine ya kufulia, na kidogo juu yake, kwa sababu mwaka ule mashamba yalipandisha bei kana kwamba mvua ya Agosti iliyoharibu zabibu ilinyesha kwa jirani tu. Kwenye chakula cha ubatizo alisimama mbele ya ukoo mzima, akiwa amembeba Maylis mkononi.

"Mvinyo wa harusi ya huyu mtoto umeshalipiwa," akasema. "Dalali Duvignac mwenyewe ameumeza. Nyote mtaunywa siku hiyo, Mungu akitupa uzima. Na mkiona haufai, niiteni mwongo mbele ya mkwe wangu."

Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshika beseni la nepi.

Tuliendelea kutumia mashine ya Yvonne, ambayo ikifika kwenye kukamua ilikuwa inatembea. Ukiiacha peke yake unaikuta mlangoni, waya umevutika, kama inataka kutoka nje. Ilibidi mtu akae juu yake. Zamu yangu ilikuwa Jumatano na Jumamosi, na nikiwa juu pale natikiswa nilipata muda mwingi wa kuwaza kuhusu ule mvinyo ambao hatukuwa nao.

Masanduku yalifika mwaka wa elfu mbili, mazuri sana, ya mbao nyeupe, jina la shamba limechomwa kwa moto ubavuni. Nyumba za kwetu hazina vyumba vya chini, ukichimba mita moja unakutana na maji, kwa hiyo Ghislain alitembea na kipimajoto kutoka chumba hadi chumba kwa wiki mbili. Chumba chenye ubaridi usiobadilika kilikuwa cha Maylis, upande wa kaskazini. Masanduku yakawekwa chini ya kitanda chake. Tangu siku hiyo dirisha lake halikufunguliwa mbao za nje, na kifaa cha kupasha joto kiliondolewa ukutani.

"Mtoto atapata kikohozi," nilimwambia.

"Mvalishe sweta."

"Na wewe je, ukaulalie wewe huo mvinyo."

"Mimi ninakoroma, Mama Maylis. Mvinyo hautaki mtikisiko."

Maylis alikua akivaa soksi za sufu usiku na mchana. Marafiki zake walipokuja kucheza walibaki na makoti. Ule mwaka wa joto kali, elfu mbili na tatu, ambapo ndege walianguka kutoka kwenye miti, Ghislain aliyafunika masanduku kwa mashuka yaliyolowekwa na kuyawekea feni, feni pekee tuliyokuwa nayo. Siku ya tatu nilimkosa mama mkwe jikoni. Nikamkuta amelala sakafuni kwa Maylis, mjukuu wake pembeni, wote wawili wameingiza vichwa chini ya kitanda.

"Funga mlango," akasema. "Unatuingizia joto, mimi na mvinyo."

Lakini nimeruka jambo. Septemba ya mwaka ule ule masanduku yalipofika, nilikwenda supamaketi kununua sukari ya jamu. Ilikuwa wiki ya soko la mvinyo, chupa zimepangwa mpaka karibu na sabuni. Nikaona jina la Mauvezac. Nikaona mwaka. Nikavaa miwani, kisha nikamwita mhudumu asome yeye, maana sikuyaamini macho yangu. Bei ilikuwa chini kwa theluthi moja kuliko aliyolipa Ghislain miaka miwili kabla, hapo bila ya kusubiri, na unapewa na mfuko.

Nilifikiri kumwambia. Nikafikiri atakavyokaa mezani amenyamaza. Ghislain akinyamaza anakuna kitambaa cha meza kwa kucha, na nilikuwa nimeshatia viraka viwili. Badala yake nilichukua chupa sita, nikaziweka chini ya sukari, na nyumbani nikazificha nyuma ya mitungi ya jamu kwenye kabati la Yvonne. Siku moja, nilijiambia, nitafungua moja nijue hali. Mimi ni mtu wa kuangalia. Keki ikiwa kwenye jiko nafungua mlango mara tano, na hii ilikuwa keki ya miaka ishirini na tano.

Yvonne alizigundua kabla ya Jumapili.

"Unakunywa kwa siri?" akaniuliza.

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Peke yako huwezi kujua kama ni mvinyo mbaya au ni kinywa chako. Wapo watu wawili hapa."

Ndivyo tulivyoanza. Ya kwanza tuliifungua mwaka wa elfu mbili na moja, Ghislain akiwa kwenye kupogoa mizabibu. Ulikuwa mkali, ukakausha ulimi. Yvonne alisema subira. Ya pili ilikuwa elfu mbili na nne, siku ya Jumatano. Mashine ilikuwa inakamua, sisi wawili tumekaa juu yake na glasi zetu, na baada ya mkupuo wa kwanza mama mkwe aliniambia nizime redio. Sijui niuelezeje. Ulikuwa kama mtu anayekujua jina lako. Tulikunywa chupa nzima, mashine ikasimama, nasi hatukushuka.

"Harusi ingekuwa leo," Yvonne akasema.

"Ana miaka saba, mama."

"Ninajua ana miaka saba."

Baada ya hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanza kweli. Ya tatu ilikuwa nzuri bado, lakini kama mgeni aliyeanza kutafuta koti lake. Ya nne imechoka. Ya tano, Maylis akiwa na miaka ishirini na moja na hana hata mchumba, ilinuka majani yaliyolowa na ladha ilikuwa ya chai iliyosahauliwa kwenye birika. Nilibaki na chupa moja na siri nzito. Mezani Ghislain alikuwa akisema, "Sasa ndio unaanza kukomaa," na Yvonne alikuwa ananitazama mimi, kisha anamimina mvinyo wa kawaida kwenye mabaki ya supu yake, anazungusha bakuli, na kulinyanyua kwa mikono miwili anywe. Sisi tunaita chabrot, wazee wote wa kwetu wanafanya. Ghislain aliona ni ushamba.

"Kunywa hivyo huo wa galoni," alimwambia. "Mvinyo wa Maylis hautaiona supu nyumba hii."

Mwaka wa elfu mbili na ishirini na mbili Maylis aliolewa. Mchumba alikuwa Aurélien, kijana mpole anayetengeneza baiskeli jijini Bordeaux. Tulikuwa tumemzoea kwa miezi minane ndipo Ghislain akamuuliza jina la ukoo.

"Duvignac," akasema kijana.

Ghislain aliweka uma chini. "Duvignac wa dalali Anselme?"

"Ni babu yangu. Ana miaka themanini na sita, lakini bado anatembea."

Mume wangu alitoka nje, na nilimwona kupitia dirishani anatembea kati ya mistari ya nyanya, anajipangusa uso. Aliporudi alimshika Aurélien mabega, akambusu mashavu yote mawili, mara nne.

Mwezi wa Mei, wiki tatu kabla ya harusi, tuliwaalika kwetu, Aurélien na babu yake. Nilipika lampre, samaki wa mtoni wetu mrefu kama mkunga, kwa mvinyo mwekundu na vitunguu vya liki, siku mbili jikoni. Mzee Duvignac alikuja na fimbo na tai. Alikula vizuri, akafuta sosi kwa mkate, mdomo wake umelegea kwa uzee, na nilianza kumpenda. Ghislain alingoja mpaka jibini lilipokuja. Akasimama. Alikuwa amevaa suruali ya ubatizo, nina uhakika.

"Mzee Duvignac," akasema, "kuna jambo nimelibeba miaka ishirini na nne. Aprili ya tisini na nane. Mimi ndiye niliyekushikia ndoo."

"Samahani sana," mzee akasema.

"Hapana, hapana. Namba kumi na moja. Mauvezac. Uliitazama ndoo, ukafumba macho, ukameza. Mimi niliona. Nikanunua masanduku matatu. Ndio tutakaokunywa harusini."

Mzee aliweka kisu chini na kufikiri. Alifikiri kwa heshima, kama mtu anayetafuta kitu cha kumpa mwenzake. Kisha uso wake ukafunguka.

"Tisini na nane," akasema. "Loo, bwana. Ni mwaka wa jino langu."

"Jino gani?"

"Gego. Hili la chini. Nilitolewa asubuhi ile ile, nikaja ukumbini na ganzi, nusu ya mdomo haipo. Wa kwanza nilijaribu kutema, ukanimwagikia kwenye shati. Wa pili, ukamwagikia Mwingereza mmoja. Basi nikasema nimeze, kuliko aibu."

Yvonne alikuwa ameshafumba macho.

"Ulimeza wa kumi na moja," Ghislain akasema polepole.

"Na wa kumi na mbili. Na wa kumi na tatu. Nilimeza mpaka wa ishirini na sita. Mpwa wangu alinirudisha nyumbani nikiwa nimelala kiti cha nyuma, naimba. Mke wangu hakunisemesha mpaka Pentekoste."

"Lakini huo wa kumi na moja ulikuwaje?"

"Mwanangu, siku ile ungenipa siki ningekushukuru."

Aurélien alicheka, kisha akamwona Maylis, akaacha. Ghislain alikaa. Kucha zake zikaanza kwenye kitambaa cha meza.

Wageni walipoondoka alikwenda chumbani kwa Maylis, akakaa kitandani juu ya masanduku yake. Nilimpelekea kahawa, hakuitaka.

"Nitanunua mwingine," akasema. "Nitawaambia watu masanduku yaliibiwa."

"Nani aibe mvinyo chini ya kitanda, aache televisheni?"

"Nilisema mbele ya ukoo mzima, Mama Maylis. Niiteni mwongo, nilisema. Binamu zangu wote wapo hai, na hawana kazi nyingine ila kukumbuka."

Nilimwonea huruma. Nikaenda kwenye kabati la Yvonne, nikarudi na chupa ya sita. Niliiweka mapajani mwake. Aliigeuza, akasoma, akaangalia chini ya kitanda kuhesabu, akanitazama.

Nikamweleza yote, supamaketi, jamu, mashine. Mama mkwe alisimama mlangoni kusaidia pale nilipokwama.

"Mmekuwa mnaninywea mvinyo wangu kwa siri," Ghislain akasema.

"Si wako," Yvonne akasema. "Wako uko chini ya kitanda. Huu ni wa mke wako, na alinunua bei nafuu."

"Na mlijua."

"Tangu mwaka wa elfu mbili na kumi na nane ndio tumejua kabisa," nikasema. "Kabla ya hapo tulikuwa na wasiwasi tu."

Nilidhani atakasirika. Aliuliza swali moja: "Elfu mbili na nne ulikuwaje?" Nikamwambia nilivyowaambia ninyi. Akanisikiliza na mdomo wazi kidogo, kama mtoto anayesimuliwa sherehe aliyolazwa mapema asiione.

Maylis alikuwa amerudi kwa ajili ya mkoba wake, akasikia sehemu ya mwisho. "Baba," akasema, "nimelala na huo mvinyo chumba kimoja miaka kumi na minane. Nimevaa sweta ndani ya nyumba mwezi wa Juni. Nina kikohozi mpaka leo. Huo mvinyo utakuja harusini hata kama ni siki."

Basi tukafungua ile ya sita mezani, wote wanne. Harufu ya kwanza ilikuwa ya chumba kilichofungwa. Ghislain alitaka kuumwaga, nikamzuia, maana keki huwezi kuihukumu mara moja. Tukangoja. Alikuwa anatazama saa ya ukutani. Dakika ya nane kikaja kitu, kidogo, kama jamu ya stroberi chini ya sufuria. Kikakaa. Dakika ya kumi na tisa kikaondoka na hakikurudi.

"Dakika kumi na moja," Ghislain akasema. Macho yake yalikuwa yamerudia uhai. "Dakika kumi na moja zinatosha kwa watu tisini, kama kila kitu kitapangwa."

Wiki tatu hizo sikupata mume, nilipata jenerali. Aliandika karatasi. Supu ya vitunguu saumu ingeletwa saa saba unusu. Supu ikiisha, mabinamu sita wenye vifungulio wafungue chupa zote kwa mara moja, mezani moja kwa moja, bila kutikisa. Mtu yeyote asiguse glasi mpaka atakapotoa ishara kwa kijiko. Aliwafanyisha mabinamu mazoezi uani kwetu kwa chupa za ule mvinyo wa galoni, na saa mkononi. Watatu walilewa, lakini muda waliupatia.

Siku ya harusi kila kitu kilikwenda kama karatasi ilivyosema. Maylis alikuwa mzuri sana kwenye gauni lake, mabega wazi, na nilimwona anatoka jasho kwa mara ya kwanza maishani mwake. Supu ililiwa. Vizibo vilitoka, viwili tu vikavunjika. Glasi zikajazwa. Ghislain akasimama aseme maneno mawili wakati wa kungoja dakika nane.

Hakuwahi kuzungumza mbele ya watu tangu ubatizo. Alianza na ndoo. Kisha akaeleza Aprili ya tisini na nane, na mzee Duvignac akainama kidogo kitini. Akalieleza lile jino. Binamu zake walikuwa wamejiandaa kumwita mwongo, na yeye akajiita mwenyewe, kwa kirefu, kabla yao. Watu walicheka mpaka wakapiga meza, na akaona wanacheka, akaongeza. Akaeleza soksi za sufu. Akaeleza feni na mama yake chini ya kitanda. Akaeleza supamaketi, nami nikajificha nyuma ya leso. Halafu akamtazama Maylis, akasahau alipofikia, akaanza upya. Mimi nilikuwa natazama saa. Dakika ya kumi na tano nilimvuta koti. Dakika ya kumi na tisa nilimkanyaga. Alipogonga kijiko kwenye glasi ilikuwa dakika ya ishirini na sita.

Aliitazama saa, na rangi ikamtoka.

Tukanywa. Ukumbi mzima ulikunywa na ukumbi mzima ukanyamaza kwa adabu. Ilikuwa ile chai ya birika. Watu hawakumtazama Ghislain. Walimtazama mzee Duvignac, maana sasa wote walijua cha kutazama. Mzee aliushika mvinyo mdomoni. Akasukutua. Akatazama dari, kama zamani. Hapakuwa na ndoo.

Koo likapanda, likashuka.

"Meno yake ni mazima leo?" Ghislain akaninong'oneza.

"Hana hata moja," nikasema. "Ni ya bandia yote."

Mzee Duvignac aliweka glasi chini, akamgeukia mama mkwe wangu aliyekaa kushoto kwake. "Bi Yvonne," akasema, "ile supu imekwisha?"

"Imebaki sufuria nzima, jikoni, ya moto."

"Basi nisaidie kidogo tu. Chini ya bakuli."

Yvonne, miaka tisini na tatu, alikwenda mwenyewe na kurudi na upawa wa supu. Akamwekea. Mzee akachukua glasi yake, akaimimina yote kwenye ile supu ya moto, akazungusha bakuli polepole mara tatu, akalinyanyua kwa mikono miwili. Hakuliteremsha mpaka lilipokuwa tupu. Akafuta mdomo kwa upande wa mkono, dalali wa Bordeaux, na tai yake.

"Huu," akasema, "haukuwa na nguvu ya kusimama peke yake. Ulihitaji kushikwa mkono. Ongeza."

Nilimtazama mume wangu, mtu aliyepiga marufuku supu kwa miaka ishirini na miwili. Alisimama na chupa mkononi kama aliyesahau chupa ni kitu gani. Kisha akaketi, akavuta bakuli lake, akalielekeza kwa mama yake.

"Nipe na mimi, mama."

Baada ya hapo sufuria ilizunguka ukumbini kote. Watu tisini walinyanyua mabakuli, hata rafiki zake Aurélien wa baiskeli ambao hawajawahi kuona kitu kama hicho, hata bibi harusi, na shela lake likaingia kwenye supu. Joto lilikuwa limeuamsha ule mvinyo. Kitunguu saumu kilikuwa mbele na nyuma yake ile stroberi, ipo, unaisikia. Mimi nimeunywa mvinyo huo mara saba maishani na sina sababu ya kusema uongo. Ukiacha ile siku ya juu ya mashine, hiyo ndiyo ilikuwa bora. Chupa thelathini na sita hazikubakiza hata ya kuonjesha paka.

Wanawake wa hapa huniuliza kama inafaa kununua mvinyo ungali kwenye pipa. Ninawaambia haifai. Subirini Septemba, nendeni supamaketi, mnunue chupa sita, na mzinywe mwaka wa saba bila ya kumwambia mtu. Nawaambia hivyo na naamini hivyo.

Ila mwaka jana Maylis alijifungua mtoto wa kike, wakamwita Oriane, na Aprili hii Ghislain, ambaye ni mstaafu, alikwenda kuomba arudishiwe ndoo zake. Nilimfuata. Nilisema nakwenda kumpelekea mkate na nyama, nikakaa kwenye kiti karibu na mlango, mahali ninapoona ukumbi wote. Mashine ya kufulia tuliyokuja kununua baadaye imeanza kutembea kama ile ya Yvonne, na pesa ya mpya nimeihamisha mahali ambapo hataiona.

Alikuwa anazunguka na ndoo yake, taratibu, kama zamani. Akafika kwa dada mmoja anayenunulia maduka ya Paris, ambaye wote wanamwogopa. Dada huyo alikuwa ameshainua glasi. Ghislain akaishusha ndoo.

"Samahani, bibie," nikamsikia anauliza. "Kabla hujaonja. Meno yako yako salama?"

Yule dada alimtazama sana. Kisha akaweka glasi mezani, akafungua mdomo wote, mpaka magego, na mume wangu akatoa miwani mfukoni ili aangalie vizuri.